Uzi maalumu: Njia za baiskeli za lami kando ya Ziwa Kivu (Musanze – Rubavu – Karongi – Rusizi – Nyungwe)

MpandaMilima (mwenye uzi)

Wakuu salaam,

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, kila kundi la waendesha baiskeli nililomo watu wanaulizia Rwanda, hasa ile barabara ya Ziwa Kivu. Swali ni lilelile: kutoka mji huu hadi ule ni kilomita ngapi? Nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali hilo linawaponza watu. Mtu aliyezoea barabara ya Mwanza kwenda Magu anaona kwenye ramani kilomita 100 kando ya ziwa, anajipangia saa nne na chupa mbili za maji. Jioni anakutwa na giza juu ya mlima, miguu imekufa, na mji aliokusudia kulala haujaonekana.

Kivu haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa mita za kupanda. Hilo ndilo jambo langu kubwa, mengine yote yanafuata.

Sababu ni jiografia yenyewe. Ziwa liko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, maji yake yako kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Upande wa Rwanda nchi inainuka kutoka majini kwenda kwenye ule mgongo unaogawa maji: mvua ikinyesha upande huu inakwenda Kongo, ikinyesha upande wa pili inakwenda Nile. Mito inatoka mgongoni kuja ziwani na kila mto umechimba bonde lake. Barabara inayokwenda kaskazini–kusini inalazimika kuyakata mabonde yote hayo, moja baada ya jingine. Unashuka hadi darajani, unapanda hadi kwenye kijiji cha juu, unashuka tena. Hakuna mlima mmoja mkubwa wa kuumaliza ukasema sasa basi.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kusafiri. Mwinuko wa wastani wa asilimia 6, kupata mita 1,000 unahitaji karibu kilomita 17 za kupanda tu. Kwa mwendo wa kilomita 9 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida wa mtu mwenye mzigo kidogo, hizo ni takribani saa mbili. Kwa hiyo chora njia yako kwenye ramani inayoonyesha miinuko, soma jumla ya mita za kupanda, weka saa mbili kwa kila 1,000, halafu ndipo uongeze muda wa kushuka, kula na kupumzika. Siku yenye mita 2,000 za kupanda ni siku kamili hata kama ni kilomita 80.

Njia yenyewe naigawa hivi.

Kigali – Musanze. Kama kilomita 90 na kitu. Unatoka Nyabugogo, penye kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, na papo hapo unaanza kupanda kwenda Shyorongi. Mwili haujapata joto bado. Kuna magari mengi na malori, tokeni mapema. Kama muda ni mdogo, kipande hiki pandeni basi bila kujisikia vibaya.

Musanze – Rubavu. Kama kilomita 60. Musanze iko mita 1,850 hivi, unapanda taratibu kupitia Mukamira, hadi zaidi ya mita 2,000, kisha unashuka kwenda ziwani. Volkano ziko kulia kwako muda mwingi: Karisimbi, mita 4,507, ndiyo kubwa kuliko zote, na mawingu yakiruhusu utaona Nyiragongo ng'ambo ya mpaka. Ardhi nyeusi, mashamba ya viazi na pareto, baridi ya kweli asubuhi. Ule mteremko wa mwisho ni mrefu na mikono inakufa ganzi, vaa glavu.

Rubavu – Karongi. Kama kilomita 100. Hapa ndipo penye moyo wa safari. Unapita mashamba ya chai ya Pfunda, unaingia wilaya ya Rutsiro, na ziwa linaanza kucheza na wewe: linaonekana, linapotea nyuma ya kilima, linarudi likiwa mbali chini. Juu kwako uko msitu wa Gishwati, ambao zamani ulikatwa karibu wote na sasa ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Gishwati-Mukura. Eneo lile ni la ng'ombe wa maziwa. Kwenye vibanda vya maziwa agiza ikivuguto, yaani mtindi, unakuja kwenye kikombe kikubwa, mzito, wa baridi. Kwa mtu aliyetoka kupanda saa mbili sijaona kinywaji kinachomfaa zaidi.

Karongi – Nyamasheke – Rusizi. Zaidi kidogo ya kilomita 110. Kutoka Karongi hadi Tyazo ni kama 66, na hiyo ndiyo sehemu yenye kona nyingi na magari machache kuliko zote. Kisha chai tena, Ntendezi unakutana na barabara ya Nyungwe, na mwishowe Kamembe, ndio mji wenyewe wa Rusizi.

Lami ya ukanda wote huu ni nzuri, pana kiasi, ina mistari. Wakimbiaji wa Tour du Rwanda wamewahi kuipita Rusizi hadi Rubavu kwa hatua moja, zaidi ya kilomita 190 kwa siku. Sisi tuigawe siku tatu au nne, na tulale mahali pa kuoga ziwani.

Naomba wenye uzoefu waongeze. Wenye maswali ulizeni.

---

Nai_Pedali

Asante sana mkuu, uzi safi kabisa. Mimi niko Nairobi, wikendi hupanda huku Ngong na kushuka bondeni hadi Mai Mahiu, kwa hivyo milima si mgeni kwangu. Naongezea jambo moja: gia.

Watu wetu wengi wana baiskeli za mitumba kutoka Ulaya, na nyingi zina meno 39 kwa 53 mbele, nyuma zinaishia 25. Hiyo baiskeli ilikuwa ya mtu wa mashindano. Ukija nayo Rutsiro utasukuma kwa mkono. Mbele tafuta 34, nyuma angalau 32, na ukipata 34 ni bora zaidi.

Hesabu ni rahisi. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, unasogea karibu mita 2.1. Ukiwa na 39 kwa 25 mzunguko mmoja unakusogeza zaidi ya mita 3.2. Kwenye mlima wa asilimia 9 huwezi kuzungusha pedali mara 70 kwa dakika na gia hiyo, labda uwe unalipwa kupanda baiskeli. Utakuwa unakanyaga polepole na kwa nguvu nyingi, na goti litalipa gharama.

Kubadilisha kaseti, yaani zile gia za gurudumu la nyuma, si ghali. Muulize fundi kama dereila yako (kile kinachohamisha mnyororo) inaweza kubeba meno 32, kuna fupi zisizofika. Fanya kabla ya safari, uzoee nyumbani.

---

MpandaMilima

Nai_Pedali umemaliza kila kitu kuhusu gia, nakubaliana nawe asilimia mia. Naongeza breki tu. Kwa wenye breki za rimu: msishike breki mfululizo mteremko mzima. Punguza mwendo kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha rimu ipoe, shika tena. Ukishika kidogokidogo kwa kilomita 10 joto linapanda na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Beba mipira ya breki ya akiba, mvua ya Rwanda inaimaliza haraka kwa sababu maji yanakuja na mchanga mwembamba kutoka mashambani.

---

MzeeWaNgara

Vijana hamjambo. Mimi niko huku Ngara, karibu na Rusumo, na nimewaona wengi wakipita na baiskeli zao. Nawapa neno la mpakani.

Tanzania tunaendesha kushoto. Ukivuka daraja la Rusumo juu ya Kagera, Rwanda wanaendesha kulia. Dereva wa gari ana taa na vibao vya kumkumbusha. Wewe wa baiskeli unavuka mdogomdogo, unaangalia maporomoko ya maji, unasahau. Hatari haiko pale mpakani, iko kesho yake asubuhi, unapotoka nyumba ya wageni barabara ikiwa tupu. Mwili unakwenda kushoto wenyewe. Na kwenye mzunguko unaangalia upande usio sahihi. Wekeni kitambaa chekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani, kila ukikiona unakumbuka upande wako.

Na saa. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Jua linazama kwao kwenye saa kumi na mbili jioni ya saa zao. Msipange jioni yenu kwa saa ya mkononi ya Dar.

Mtanzania abebe pasipoti. Mifuko ya plastiki muiache huku huku, wameipiga marufuku tangu 2008 na wanakagua mizigo.

---

Dada_Spoku

Shikamoo mzee, ushauri wa kitambaa nauchukua.

MpandaMilima, naomba kuuliza kwa niaba ya wanawake. Mimi na mwenzangu tunataka kwenda wawili tu, bila gari la kutufuata. Arusha tukitoka peke yetu barabara za pembeni tunasumbuliwa, maneno machafu, bodaboda kutufuata. Huko Kivu hali ikoje? Na pia: tuanzie kaskazini au kusini? Nimeona wengine wanasema waanzie Rusizi kwa sababu mashindano yamepita hivyo.

---

MpandaMilima

Dada_Spoku, karibu sana.

Kuhusu usalama: barabara ile haina upweke. Watu wako kila mahali, wanatembea kwa miguu kwenda sokoni, shule, shambani, toka alfajiri hadi magharibi. Askari wako barabarani. Wanawake wengi wa kigeni wamepita peke yao. Utafuatwa na watoto, hilo litakuwepo, wanakimbia kando yako mlimani kwa sababu kwa mwendo wako wa kupanda wanakuweza. Wasalimie, "muraho", "amakuru", mara nyingi yanaisha kwa kicheko. Hata hivyo hakikisheni mmeshafika mnapolala kabla ya jua kuzama. Sababu ni magari na kona, mwendesha baiskeli haonekani.

Kuhusu lugha, Rubavu na Rusizi Kiswahili mtakitumia sana, ile ni miji ya mpakani na Kongo, na Rwanda wameshakifanya Kiswahili lugha rasmi tangu 2017. Vijijini katikati, Rutsiro na Nyamasheke, jifunzeni Kinyarwanda cha kuombea maji na chakula.

Kuhusu upande wa kuanzia nina msimamo, na nautetea: anzeni Rubavu mshuke kusini. Mzee ametukumbusha kwamba Rwanda wanaendesha kulia. Ziwa liko magharibi. Ukielekea kusini, magharibi ni mkono wako wa kulia, kwa hiyo ziwa liko upande wako wa barabara. Ukitaka kusimama kupiga picha au kunywa maji unaingia pembeni tu. Ukitoka Rusizi kwenda kaskazini, kila unapotaka kuangalia ziwa unaangalia kuvuka njia ya magari yanayokuja, na kila ukitaka kusimama unakata barabara kwenye kona. Waandaaji wa mashindano wanafunga barabara, hiyo haiwahusu.

---

Gari_la_Moshi

Mkuu samahani, mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Kwa nini tukae kwenye lami wakati ipo njia ya Congo Nile, ile ya vumbi, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, inayopita chini kabisa karibu na maji? Lami imewekwa juu mlimani, vijiji vya wavuvi viko chini. Ukipita lami unaliona ziwa kwa mbali kama mtu wa basi.

---

MpandaMilima

Gari_la_Moshi, hoja yako nzito na siipingi kwa mtu mwenye baiskeli ya matairi mapana na siku tano au zaidi. Njia ile ni nzuri sana. Ila uzi huu ni wa wenye baiskeli za lami, tairi milimita 25 hadi 32. Vumbi lile likinyeshewa linageuka tope jekundu linalonata, linajaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu halizunguki.

Wazo la katikati: kaa kwenye lami mchana, halafu jioni shuka hadi ziwani kwa kipande kifupi cha vumbi kulala, Kinunu kwa mfano, penye kahawa. Asubuhi utaulipa mteremko huo kwa kuupanda tena, lihesabu kwenye zile mita zako. Jioni utawaona wavuvi wa sambaza wakitoka. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, wanapiga kasia huku wanaimba, taa zao unaziona usiku kucha. Na samaki wenyewe ni jamaa zetu: sambaza ni dagaa walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa Kigoma akiwekewa sahani ya sambaza wa kukaanga na ndizi atajua anakula nini.

---

Mwana_wa_Goma

Jambo wandugu wote. Miye ni mutu wa Goma, ile mji iko pale pale kando ya Rubavu, mpaka inapita katikati ya manyumba.

Kwanza nashukuru kwa vile munaandika juu ya Kivu na mapendo. Ziwa ni moja, ijapo inchi ni mbili. Lakini niseme wazi: tangu vita ifike Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, musivuke na vélo kuja kutembea. Barabara ya Goma kwenda Bukavu kando ya ziwa, kupitia Sake na Minova, ni ya uzuri kabisa, siku moja tutaipita pamoja. Leo hapana.

Mukiwa Rubavu mutaona chukudu, ile kinga (baiskeli) ya mbao ya kubebea mizigo. Watu wanaiona kama mchezo. Hapana, ile ni kazi na ni chakula ya familia nyingi. Inachongwa na mti mugumu, magurudumu ni ya mbao yenye kuvikwa mpira ya tairi ya zamani, na breki ni kipande ya mpira juu ya gurudumu ya nyuma, unaikanyaga na kisigino. Mwenyewe anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma chini. Na kwenye mteremko inapita na mifuko ya makala (makaa) au viazi, nzito sana, haiwezi kusimama haraka. Ukiisikia nyuma yako, ipishe. Yeye hana breki kama yako.

Kitu ingine ya maana: mazuku. Karibu na volkano kuna fasi za chini, mashimo, penye gesi ya kaboni inatoka udongoni na inakaa pale asubuhi wakati hakuna upepo. Haina harufu. Inaua mbuzi, inaua mutu. Wenye munapenda kulala kwenye hema, musipige hema kwenye shimo kando ya ziwa pale kaskazini bila kuuliza wenyeji. Watawaonyesha.

---

MpandaMilima

Mwana_wa_Goma, aksanti sana ndugu yetu. Tunawaombea amani. Hilo la mazuku nalipandisha kwenye posti ya kwanza, ni la uhai.

Na hilo la kupisha vyombo vya mzigo ni kweli pande zote mbili za mpaka. Upande wa Rwanda mtakutana na abanyonzi, vijana wa baiskeli za abiria na mizigo: chuma kizito, gia moja, kiti cha abiria nyuma chenye mto, au magunia mawili ya viazi, au makreti ya soda. Wanapanda milima hiyo hiyo. Baadhi ya wakimbiaji wa Rwanda waliotamba walianzia kwenye baiskeli za namna hiyo kabla ya kupata za mashindano. Valens Ndayisenga alipokuwa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu iwe ya kimataifa, mwaka 2014, nchi nzima ilisimama. Mkikutana nao barabarani wasalimieni kama wenzenu wa kazi moja. Watataka kushindana nanyi mlimani, shindaneni.

Kitu kimoja msikiige: baadhi hushika nyuma ya lori kuvutwa mlimani. Kuna waliokufa hivyo.

---

Kahawa_Chungu

Wakuu, niko nafuatilia tangu mwanzo. Msimu gani unafaa? Mimi likizo yangu ni Aprili.

---

MpandaMilima

Kahawa_Chungu, kama unaweza kusogeza likizo, isogeze. Machi hadi Mei ni masika yenyewe na milima ile inaporomoka. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyabihu na Ngororero, wakafa watu zaidi ya 130. Ni barabara hizi hizi tunazozungumzia. Ukikuta udongo mbichi umemwagika kwenye lami na maji yanatiririka kutoka ukingo wa juu, usisimame chini yake kupiga picha, pita au rudi.

Juni hadi katikati ya Septemba ni kiangazi kirefu, barabara kavu, ila ukungu na vumbi la mashamba vinaficha volkano. Januari na Februari kuna kiangazi kifupi, hewa imeoshwa, unaona mbali. Mimi naipenda Februari. Hata kiangazi mvua ya mchana inaweza kukushukia bila taarifa, ondoka saa 12 alfajiri, kufikia saa nane mchana uwe umemaliza milima mikubwa.

Aprili pia ni mwezi wa maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, kuanzia tarehe 7. Shughuli nyingi zinasimama wiki ile, muziki hakuna. Ukiwepo, kuwa mtulivu na ufuate wanavyofanya wenyeji. Na wakati wowote wa mwaka, ukiwa Karongi, tenga nusu siku ili upande hadi Bisesero. Ni mlima mkali kutoka ziwani, na kule juu ndiko maelfu ya watu walikojilinda kwa mawe na mikuki mwaka 1994 kabla ya wengi wao kuuawa. Ukumbusho uko kwenye mteremko wa kilima na tangu 2023 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Weka baiskeli, tembea. Unapopanda barabara ile kwa pumzi yako mwenyewe unaelewa kwa nini watu walikimbilia juu.

---

Dada_Spoku

Nimeguswa. Tutapanda.

Tukifika Rusizi, tunatokaje? Tunarudi njia ileile au tupite Nyungwe? Nimesikia msitu una nyani na giza.

---

MpandaMilima

Dada_Spoku, kama miguu bado ipo, piteni Nyungwe, kwa kwenda Huye. Ni siku ngumu kuliko zote za safari hii na nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu. Laleni Gisakura, kwenye mashamba ya chai ukingoni mwa msitu, ili mwanze asubuhi mapema. Kutoka hapo hadi Kitabi upande wa pili ni kama kilomita 50 na zote ni msitu: hakuna duka, hakuna kibanda, hakuna chai ya maziwa. Bebeni chakula cha siku nzima na maji. Barabara inapanda hadi karibu mita 2,500 maeneo ya Uwinka, baridi inauma, jaketi liwe juu ya mzigo. Mtaona mbega na kima barabarani, msiwape chakula, na msifungue begi mbele yao. Huko juu mnavuka ule mgongo wa maji niliousema mwanzo: nyuma yenu kila kijito kinakwenda Kongo, mbele kinakwenda Nile.

Malori yapo, hasa ya mafuta na saruji, na kona ni za upofu. Washeni taa za nyuma hata mchana, nguo za rangi kali. Ukungu ukishuka, simameni kwenye kituo cha walinzi msubiri.

Kama miguu imekwisha, basi la Kamembe kwenda Kigali linapita msituni humo humo. Baiskeli wanapakia ila ulizeni bei siku moja kabla, na ondoeni pedali na magurudumu wenyewe. Baiskeli yangu iliwahi kulazwa dereila ikiwa chini na mizigo juu yake, hanga, kile kipande kinachoishikilia dereila kwenye fremu, ikapinda nikiwa mbali na fundi. Bebeni hanga ya akiba, ni kipande kidogo cha kuingia mfukoni.

---

Nai_Pedali

Hanga ya akiba, ndiyo kabisa. Na tyubu mbili, viraka, solushani. Mafundi wa vijijini ni hodari mno kwa pancha na spoku za baiskeli za kawaida, lakini valvu zetu nyembamba hawana pampu yake. Bebeni adapta ya valvu na pampu yenu.

Swali la mwisho mkuu: mwenye siku tatu tu kutoka Kigali na kurudi, afanye nini?

---

MpandaMilima

Nai_Pedali, kwa siku tatu: siku ya kwanza basi hadi Musanze asubuhi na mapema, uendeshe hadi Rubavu, uoge ziwani. Kivu haina mamba wala viboko. Siku ya pili Rubavu hadi Karongi, siku nzima, toka alfajiri. Siku ya tatu Karongi hadi Muhanga, kama kilomita 80, unapanda kutoka ziwani kupitia mwamba wa Ndaba penye maporomoko ya maji kando ya barabara, unavuka mgongo, kisha mabonde hadi Muhanga. Pale panda basi kumalizia 50 za Kigali, kipande hicho kina magari mengi na hakina cha kukufidia.

Angalia kalenda tu. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, nchi nzima iko kwenye kazi za pamoja kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, maduka yamefungwa na magari yanasimamishwa. Kama siku yako ya Rubavu–Karongi imeangukia hapo, isogeze iwe Ijumaa au Jumapili, au shika jembe nao kisha uanze safari saa tano na uishie Rutsiro.